Panga la Kwanza la Nyumbani: Achana na Makali, Tazama Msuka

Panga lililonitoa roho Jumamosi ile lilikuwa jipya, halijamaliza hata siku tatu. Nilikuwa uani kwangu, Likoni, Mombasa, nachonga dafu la pili baada ya kumpa mwanangu la kwanza. Nikapiga pigo la kawaida tu, wala sikuwa na hasira na mtu, mara nikahisi mkono umekuwa mwepesi. Mpini ninao, bapa silioni. Lilikuwa limeruka ukuta na kutua kwenye karai ambamo jirani yangu ameroweka nguo. Jirani akaiinua leso yake kwa ncha mbili, imechanika katikati, akanichungulia kupitia pale palipochanika bila kusema neno. Leso nikailipa. Panga sijalipwa mpaka leo.

Nilipouchungulia ule mpini ndani ndipo nikaona nilichouziwa. Msuka, yaani ule mkia wa chuma unaoingia kwenye mpini, ulikuwa mfupi kama kidole changu cha mwisho, umeshikwa na riveti mbili laini, na nyuma yake plastiki tupu. Mpini wa kujaza kiganja, na sehemu kubwa yake haina chuma. Siku zote tatu nilikuwa nimeshika filimbi.

Tangu hapo nikiona panga la mtu nauliza msuka kwanza. Nimeulizia hata kwenye harusi, watu wako jikoni wanapasua kuni, mume wangu akanivuta kwa ushungi. Basi haya ninayoandika ni ya mtu anayenunua panga zito la kwanza: la kuchongea dafu, la kukatia matawi ya mwarobaini, la kufyekea uani masika yakipita. Kisu cha kukatia mchicha ni habari nyingine.

Makali sitayazungumzia. Mapanga mengi hutoka kiwandani butu, au yamepitishwa jiwe juu juu, kwa hivyo panga likiwa kali dukani au lisiwe, hujaambiwa kitu. Makali utayatia mwenyewe kwa tupa, nusu saa na kikombe cha chai. Usikubali tu muuzaji akunolee kwa ile mashine ya umeme inayorusha cheche: chuma kikishika moto mpaka ukingo ukawa na rangi ya samawati, ugumu wake umekwenda, na utanoa kila wiki mpaka panga liishe. Urefu nao, inchi 18 yamtosha mtu wa kimo changu. Warefu na wafyekaji wachukue 20 au 22. Tumemaliza hapo.

Sasa msuka. Panga la maana msuka wake unakwenda mpaka mwisho wa mpini. Ligeuze, tazama kitako cha mpini: uone mstari wa chuma umebanwa katikati ya vipande viwili vya mbao, kama nyama ndani ya mkate wa mofa. Riveti ziwe tatu au zaidi, na ziwe zimepenya upande mmoja hadi wa pili. Kama mpini ni wa plastiki ya kumiminwa, chuma kimefichwa na macho hayakusaidii, basi shika bapa karibu na ncha ugongegonge mpini kwa ukucha wa kidole gumba, kuanzia mbele kurudi nyuma. Penye chuma sauti ni nzito. Ikibadilika ikawa kama unagonga kibuyu, msuka umeishia hapo. Weka kidole, pima. Ukiona haujafika hata nusu ya mpini, rudisha panga mezani na uage kwa adabu.

Kuna na pembe. Pale bapa linapopungua upana ili liingie mpinini, mafundi wavivu hukata pembe ya mraba, kama pembe ya meza. Nguvu zote za pigo hujikusanya kwenye pembe ile, na ufa huanzia pale pale. Panatakiwa pazungushwe, pawe na mviringo. Kwenye mpini wa mbao utapaona ukitazama ubavuni. Kwenye plastiki ya kumiminwa hupaoni, na mimi kwa hilo peke yake sinunui tena plastiki.

Haya yanayofuata mtu wa bara anaweza kuyapuuza. Atanunua panga lile lile, limkae miaka. Sisi wa pwani hewa yenyewe tunayovuta ina chumvi. Jasho na maji ya dafu hupenya kati ya mbao na chuma, na kutu huanza mahali ambapo hakuna kitambaa kinachofika. Utalisugua bapa ling'ae, ulisifu, na huku ndani msuka unaliwa kimya kimya. Riveti za alumini ndizo balaa zaidi: alumini ikigusana na chuma penye chumvi, inayoliwa ni alumini. Utaona unga mweupe kuzunguka kichwa cha riveti. Ukiuona, panga limeanza kukuaga. Mbao nazo hunywea wakati wa kaskazi zikafura masika, na kila zikifanya hivyo nafasi inazidi kuwa pana.

Dawa yangu ni nta ya nyuki. Nayeyusha kidogo kwenye kopo, nadondosha kwenye kila mwanya wa mpini kabla panga halijaona dafu hata moja. Hurudia kila mwaka kaskazi inapoanza. Bapa nalipaka mafuta ya nazi, kwa kuwa panga langu hugusa chakula. Ile oili chafu ya gari wanayopaka mafundi mimi siitaki ndani ya dafu langu.

Sasa mapanga yenyewe, kwa mpangilio wangu. La kwanza kwangu, na mapenzi yangu siyafichi, ni Tramontina la mpini wa mbao. Ni kampuni ya Brazil, aliyeianzisha ni Valentin Tramontina mwaka 1911 katika mji wa Carlos Barbosa, kusini mwa nchi hiyo. Chuma wanachotengenezea mapanga huitwa 1070, maana yake kaboni iliyomo ni kama asilimia 0.7: ngumu ya kushika makali, lakini si kavu ya kumeguka kama kigae. Bapa ni jembamba, karibu milimita 2, na likipiga tawi bichi linapinda kidogo kisha linarudi. La kwangu ni la inchi 18, na msuka nauona kwa macho yangu mpaka kitakoni. Huu mwaka wa nne. Shemeji yangu anasema nalipwa na Wabrazili. Laiti! Kasoro ninayoikubali ni kwamba kwa kuvunjia nazi kavu ni jepesi, unapiga mara tatu panapotosha mara moja. Na ukilisahau nje usiku mmoja, asubuhi lina madoa mekundu. Chuma chochote cha kaboni ndivyo kilivyo, hapo lawama ni za aliyelisahau.

La pili ni la mhunzi, na najua wengi mtashangaa kuliona juu ya mapanga yenye majina. Lakini fikiri: ni panga gani jingine ambalo msuka unauona kabla haujavikwa mpini? Nilikwenda Magongo, kule malori yanakotengenezwa, nikampata mzee mmoja anayefua kwa mkono. Nikamwamkia, nikamwambia, "Ami, nataka panga, lakini msuka nataka niuchore mimi." Akacheka mpaka akaweka nyundo chini. Akaniambia mteja wa kike wa mwisho alitaka tu lisiwe zito. Nikachora kwa chaki kwenye sakafu: msuka mzima, mviringo pembeni, matundu matatu. Akatazama kwa muda, akasema, "Mamangu, wewe liliwahi kukuruka." Wallahi alijua.

Chuma chake ni springi za lori zilizochakaa. Chuma cha springi ni kizuri mno kwa kazi hii, kwa sababu kimeundwa kupinda na kurudi maisha yake yote. Ila uliza mambo mawili. Springi kuukuu inaweza kuwa na nyufa ambazo jicho halizioni, basi mwambie fundi akate upande ambao haukuwa umebeba mzigo mwingi, na kipande akigonge usikie kama kinalia kama kengele au kinagugumia. La pili, chuma hicho kikizimwa kwa maji huweza kupasuka. Kizimwe kwa mafuta. Mzee wangu ana debe la oili pembeni kwa ajili hiyo tu. Ukimkuta anayechovya kwenye ndoo ya maji, mshukuru, nenda kwa mwingine. Panga lenyewe ni nene, zito, halifyeki majani kwa raha, mkono unachoka mapema. Kwa dafu na nazi halina mpinzani. Nililipa shilingi 900 pamoja na mpini, na nta nikaenda nayo mwenyewe.

La tatu ni Mamba, lile lenye alama ya mamba kwenye bapa. Hili linaniuma. Wenye alama hiyo ni Ralph Martindale, kampuni iliyoanza Birmingham, Uingereza, mwaka 1874, na kwa wazee wetu mamba kwenye chuma ndiye aliyekuwa dhamana. Babangu alikuwa na moja lililonolewa mpaka likabaki upana wa vidole viwili, na mpini haujawahi kucheza. Lililo halisi ningeliweka juu bila kusita. Tatizo ni kulipata halisi. Siku hizi mnyama yeyote huchapwa kwenye bapa lolote. Lile lililochana leso ya jirani lilikuwa na mamba pia, na nilipomtazama vizuri, kwa kweli alikuwa karibu zaidi na mjusi kafiri. Kenya tuna sheria ya bidhaa bandia tangu 2008, lakini bandia wenyewe nadhani hawajaisoma. Ukitaka Mamba, tazama kama alama imepigwa ikazama ndani ya chuma au ni rangi inayofutika kwa kidole chenye mate. Kisha rudi kwenye msuka, maana alama nayo huigizwa.

Yale ya shilingi mia mbili na ushee yanayotandazwa chini Kongowea juu ya gunia, yenye mipini ya rangi za peremende: la kukatia majani ya mbuzi litafaa. Dafu, hapana.

Sasa niwaseme wauzaji kidogo, maana nisipowasema sitalala. Bei ya panga mjini hutegemea nani amesimama mbele ya kaunta. Nilikwenda kwenye duka moja la hadiwea nikiwa na buibui, nikaambiwa 850. Nikamtuma mpwa wangu, kijana wa miaka ishirini mwenye kanda mbili, akaambiwa 650 na akapunguziwa hamsini. Duka lile lile, saa ile ile, na mimi nimesimama ng'ambo ya barabara nakunywa juisi ya ukwaju. Halafu wanalifunga panga kwa plastiki ngumu kama kinyonga wa maonyesho, ukitaka kulitoa uutazame mpini unaambiwa "ukifungua umenunua." Kwani nanunua plastiki? Kuna duka nililolisifu kwa watu wangu mwaka jana, kwa sababu mwenyewe alikuacha ugonge na kutazama. Mgema akisifiwa, mnajua. Kaskazi hii nimekuta bei imepanda na plastiki imeingia.

Na ile karatasi, "mali ikiuzwa hairudishwi." Nilirudi na mpini wangu na bapa langu, vipande viwili, nikaonyeshwa maandishi hayo ukutani. Nchi hii ina Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012, inayomtaka muuzaji atoe mali yenye ubora unaofaa, na haikusema kwamba kibandiko cha ukutani kinaifuta. Nikamwambia hivyo. Akanijibu, "Mama, hebu kaa upande, kuna wateja." Wao ndio walioshika mpini, sisi tumeshika makali, na kwa upande wangu hata huo mpini haukuwa na chuma ndani. Kwa hiyo dai risiti iliyoandikwa jina la panga, usikubali iliyoandikwa "vifaa" tu, na ugonge ukiwa bado ndani ya duka.

Risiti hiyo hiyo itakusaidia njiani. Kwa hali ilivyo Mombasa, mtu mwenye panga mkononi hapiti hivi hivi, na sina lawama, kuna mitaa iliyoumizwa vya kutosha. Lifunge kwa gazeti, kisha kwa gunia, kamba juu. Kwenye feri mimi humwambia askari kabla hajauliza: hili ni panga, hii ni risiti. Mara ya mwisho alitaka kuliona. Nikalifungua, akaligeuza, akatazama kitako cha mpini, akauliza, "Hiki chuma kimefika mpaka huku?" Feri ikaondoka bila sisi. Nilikuwa bado namweleza habari za pembe.

Lile bapa la siku tatu sikulitupa. Nilimpelekea mzee wa Magongo, akalikata, akalitia meno kwa tupa, sasa liko kwenye mbuzi yangu ya kukunia nazi. Mkia wake umeingia kwenye ubao kina cha shibiri nzima. Nilipima mwenyewe kabla hajapigilia.