Kinga ya radi ya kebo ya antena: angalia haya kabla ya kununua

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo mezani nina kifaa ambacho wapenzi wa redio za ridhaa, yaani mnaorusha na kupokea mawimbi kwa kujifurahisha, mmekuwa mkikiulizia sana: kinga ya radi ya kebo ya antena, ile yenye kichupa cha gesi ndani. Inafaa kununua? Inafaa. Ila ukiifunga ovyo, umefunga pambo.

Nasogeza karibu na kamera. Konekta huku, konekta huku, na pembeni kizibo cha kufungua kwa mkono. Nakizungusha... kichupa hiki hapa, kidogo kama punje ya mahindi. Volti zikiwa chache, gesi haipitishi umeme na mawimbi yako yanapita salama. Zikizidi kiwango, gesi inawaka na umeme unamwagikia kwenye gamba la chuma, kutoka hapo hadi eathi. Nimependa kwamba kichupa kinabadilishika. Zile zilizozibwa moja kwa moja siwashauri.

Sasa someni maandishi: volti 230. Ukirusha kwa wati 100 kwenye kebo ya ohimu 50, volti zinafika 100 kwenye kilele. Kwa hiyo ukiuziwa ya volti 90, itawaka wewe mwenyewe ukibonyeza maiki! Hiyo ni ya kupokea tu. Ya 230 inakupa nafasi hata antena isipolingana vizuri sana na kebo.

Haya, kwenye eathi naomba tusikilizane. Mkondo wa radi unapanda ghafla mno. Chukua ampea 10,000 ndani ya mikrosekunde moja, yaani sehemu moja ya milioni ya sekunde: kila mita ya waya wa eathi, hata uwe mnene, inajenga takriban volti 10,000. Mita 3 za waya ni volti 30,000, na umeme huo hautasubiri, utapita kwenye redio yako kutafuta eathi ya soketi. Ndiyo maana kifaa hiki kinakazwa kwa nati kwenye bamba la shaba nje ya ukuta, pale kebo inapoingilia, na bamba linashuka kwenye fimbo ya eathi kwa utepe mpana, mfupi, ulionyooka. Usiuzungushe. Na fimbo hiyo iunganishwe na eathi kuu ya nyumba. Eathi mbili zisizojuana ni hatari kuliko mnavyodhani.

Umeme tuli nao msiudharau. Upepo mkavu wenye vumbi unachaji antena ya waya mrefu bila hata wingu moja angani. Kichupa kinangoja volti 230, wakati transista ya mbele kwenye kipokezi inaweza kufa kabla ya hapo. Weka resista ya kilo-ohimu 100 kati ya waya wa antena na eathi, chaji ivuje taratibu.

Radi ikipiga antena yenyewe? Hapo ni makumi ya maelfu ya ampea, na sitawadanganya kwamba kidude hiki kitaimudu. Ngurumo zikiwa bado mbali, chomoa kebo na uiache nje, siyo juu ya meza. Zikishakaribia, usiiguse kabisa.

Kichupa kikiungua na kupiga shoti ndani, multimita itakuonyesha. Kikichoka tu, kitasoma sawasawa na kizima, kwa hiyo baada ya msimu mkali wa radi mimi ningebadilisha bila kungoja dalili.