Jioni ya Tamasaburo Upanga: ngoma zilitendewa haki, maisha yalisimuliwa nusu

Ukumbi mmoja mdogo wa Upanga, ulio hatua chache kutoka Barabara ya Umoja wa Mataifa, umeanza kuonyesha kwenye skrini kubwa maonyesho ya jukwaani yaliyorekodiwa katika nchi mbalimbali, na mwezi huu zamu imekuwa ya Japani. Walichoonyesha ni ngoma mbili za kabuki, sanaa ya jadi ya jukwaani ya Japani inayochanganya uigizaji, ngoma na muziki, zilizochezwa na Bando Tamasaburo wa Tano, zikitanguliwa na maelezo kuhusu maisha yake. Kiingilio ni shilingi 10,000, na mlango hufunguliwa saa kumi na mbili jioni. Ninaipendekeza jioni hii bila kusita kwa yeyote anayejali sanaa za jukwaani, awe mwigizaji, mchezaji ngoma au mshonaji wa mavazi ya maonyesho. Hata hivyo, ninalo lalamiko moja zito juu ya namna msanii mwenyewe alivyotambulishwa, nami nitalieleza kwa kirefu kwa sababu linaweza kurekebishwa kabla onyesho halijarudiwa.

Kijana aliyetangulia kuzungumza alisoma orodha ya heshima: Tuzo ya Kyoto mwaka 2011, kutangazwa kuwa Hazina Hai ya Taifa la Japani mwaka 2012, na tuzo ya Praemium Imperiale mwaka 2019. Yote ni kweli, na si madogo. Lakini hadhira iliyokuwa mbele yake, ambayo kwa sehemu kubwa haikuwa imewahi kuona kabuki hata mara moja, ilibaki ikijua kwamba mtu huyu ameheshimiwa sana, bila kujua ameheshimiwa kwa kazi gani na kazi hiyo ilimgharimu nini. Nyuma yangu watu wawili walikuwa wakiulizana kwa sauti ya chini kama yule waliyemwona kwenye picha ya tangazo ni mwanamke au mwanamume. Swali hilo ndilo lililostahili kujibiwa kwanza, na jibu lake lingeweza kutolewa kwa dakika tano.

Kabuki ilianzishwa na mwanamke, Izumo no Okuni, ambaye mwaka 1603 alicheza ngoma zake Kyoto na kuvuta umati. Mwaka 1629 watawala wa Japani waliwapiga marufuku wanawake kupanda jukwaani, na vijana wa kiume waliochukua nafasi zao nao wakapigwa marufuku mwaka 1652, hata jukwaa likabaki mikononi mwa wanaume watu wazima peke yao. Kutokana na hali hiyo ilizuka fani ya onnagata, yaani mwigizaji wa kiume ambaye kazi yake ya maisha ni nafasi za kike. Marufuku yalikwisha kuondolewa zamani, lakini fani imebaki, kwa kuwa kwa karne kadhaa ilikuwa imejijengea mwendo wake, sauti yake na namna yake ya kushika kitambaa, kiasi kwamba mwigizaji wa onnagata hamwigi mwanamke aliyemwona barabarani. Anachofanya ni kumjenga mwanamke wa jukwaani kwa kanuni alizofundishwa tangu utotoni.

Hapo ndipo maisha ya Tamasaburo, ambaye ni onnagata, yanapokuwa na uzito. Katika kabuki majina na nafasi hurithiwa ndani ya koo za waigizaji, na mtoto wa nje ya koo hizo huanza akiwa nyuma sana. Yeye alizaliwa Tokyo mwaka 1950 katika familia iliyoendesha mgahawa. Akiwa bado mtoto mchanga alipata polio, na ngoma ilianza kwake kama njia ya kuurudishia mwili nguvu. Mwaka 1957 alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza kwa jina la utoto la Bando Kinoji, kisha Morita Kanya wa Kumi na Nne, mwigizaji aliyekuwa na nafasi katika ukoo wa kabuki, akamlea kama mwanawe, na mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 14, akapewa jina la Tamasaburo, akiwa mtu wa tano kulibeba. Zaidi ya hayo, alirefuka kupita kiasi kinachotarajiwa kwa onnagata, jambo ambalo lingeweza kumfungia mlango kabisa. Mtu akiyajua haya, anautazama mguu ule kwenye skrini kwa jicho lingine. Asipoyajua, anaona uzuri tu na kudhani umekuja wenyewe.

Ngoma ya kwanza ilikuwa Fuji Musume, ya msichana aliyeshika tawi la maua yenye rangi ya zambarau, ambayo asili yake ni michoro iliyokuwa ikiuzwa kwa wasafiri katika mji wa Otsu karibu na Kyoto, na ambayo ilichezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1826. Inaanza katika giza totoro huku waimbaji wakisikika tu, na kwa kuwa hakuna aliyetuonya, watu kadhaa ukumbini waliwasha taa za simu wakidhani umeme umekatika. Mara taa za jukwaani zikawaka zote kwa pamoja, na mbele yetu ukawa mti mkubwa wa msonobari uliofunikwa kwa vishada virefu vya maua, naye msichana amesimama chini yake. Ukumbi mzima ulishtuka kwa furaha. Mpangilio huo wa jukwaa ulibuniwa na Onoe Kikugoro wa Sita mwaka 1937: aliyafanya maua kuwa makubwa kupita ya kawaida ili mchezaji chini yake aonekane mdogo na mwororo, kwani yeye mwenyewe alikuwa na mwili mnene. Ubunifu uliofanywa kwa ajili ya mwili wa mtu mnene ukaja kumfaa mtu mrefu miaka mingi baadaye.

Lakini maua peke yake yasingetosha. Camera ilipomsogelea, tuliona jinsi anavyoupunguza urefu wake: magoti yamekunjwa na kubanwa pamoja chini ya kimono, mabega yameteremshwa na kuvutwa nyuma mpaka mifupa ya mgongoni inakaribiana, shingo imeinama kidogo upande. Inasimuliwa kwamba wanafunzi wa fani hii hufundishwa kutembea wakiwa wameshika karatasi katikati ya magoti, na karatasi haitakiwi kuanguka. Kukaa katika mkunjo huo huku umevaa nywele za bandia nzito na tabaka kadhaa za nguo, kisha kugeuka, kuinuka na kushuka bila kuonyesha kwamba paja linatetemeka, ni kazi ngumu, na nilifurahi kwamba picha ilikuwa safi vya kutosha kutuonyesha hata namna vidole vya mguu ndani ya soksi nyeupe vinavyotangulia kugusa sakafu kabla ya kisigino.

Baada ya mapumziko ilikuja Sagi Musume, na kwa ajili ya ngoma hii peke yake ningewashauri watu wavumilie foleni ya jioni. Ni ngoma iliyochezwa kwanza mwaka 1762, na inahusu roho ya ndege mweupe, wa jamii ya yangeyange tunaowaona kwenye tope la Jangwani, aliyependa kwa mapenzi ya kibinadamu na sasa anateseka kwa ajili yake. Anasimama kando ya maji, amevaa nguo nyeupe na mkanda mweusi, amejifunika kichwa na kushika mwavuli, theluji inaanguka. Katika muziki wa kabuki theluji ina sauti: ngoma kubwa hupigwa polepole kwa fimbo yenye kichwa laini, mdundo mzito usio na ukali, unaosikika kana kwamba unatoka mbali. Hapa ndipo ukumbi ulipoanza vibaya. Feni za dari zilikuwa zikivuma kiasi cha kuumeza mdundo huo, na fundi mitambo alipojaribu kuongeza sauti, shamisen, ile ala ya nyuzi ya Kijapani, ikawa kali masikioni huku ngoma ikibaki imepotea. Mama mmoja wa safu ya mbele aliinuka na kuomba feni zizimwe. Zilizimwa, joto likapanda, na theluji ikasikika. Waandaaji wanapaswa kulifanya hilo kuwa utaratibu tangu mwanzo, au wapange onyesho katika miezi ya baridi.

Kisha likaja badiliko la nguo. Mchezaji yuko katikati ya jukwaa, hajaondoka wala hajafichwa na pazia, msaidizi amepiga magoti nyuma yake, na kwa mkupuo mmoja nguo nyeupe inatoweka na nyekundu inatokea chini yake. Aliyekaa kando yangu alikuwa fundi cherehani wa Kariakoo, mama wa makamo, ambaye alikuwa kimya tangu mwanzo. Akanishika mkono. “Hizo ni bandi, mwanangu,” akasema. “Nguo imeshikwa kwa bandi, yule wa nyuma amezivuta.” Nikamwuliza kama yeye angeweza kuishona. “Kuishona naweza, mama. Kumvua mtu anayezunguka bila kumchelewesha hatua hata moja, hapo nahitaji kumwona yule bwana akinifundisha.” Alikuwa sahihi kabisa. Nguo ya juu hushikizwa kwa nyuzi zenye vifundo mwishoni, na msaidizi huzichomoa moja baada ya nyingine wakati mchezaji akiendelea kucheza, mpaka ubaki mvuto wa mwisho. Mkono wa Tamasaburo unapopita mbele ya kifua na kutuvuta macho, nyuma uzi unatoka. Kuanzia hapo nilikuwa nikiwatazama watu wawili, na ninaamini ndivyo ngoma hii inavyotakiwa kutazamwa na mtu yeyote anayefanya kazi nyuma ya jukwaa.

Mwisho wake unauma. Nguo inarudi kuwa nyeupe, nywele zimefumuka, ndege anapigana na adhabu yake, anajipinda kinyumenyume hadi mgongo unakaribia sakafu, anajaribu kuinuka tena, na hatimaye analala chini ya theluji inayoanguka kwa wingi. Hakuna machozi usoni. Uso uliopakwa rangi nyeupe unabaki karibu bila kubadilika, na maumivu yote yamepelekwa kwenye viwiko, kwenye mikono ya nguo na kwenye pumzi inayoonekana pale shingoni. Waigizaji wetu wengi, hasa wanaozoea kamera za tamthilia za televisheni, humwaga kila kitu usoni, na ningetamani kila chuo kinachofundisha uigizaji nchini kiwalete wanafunzi wake waone uso uliotulia ukibeba huzuni kubwa kiasi hiki.

Jambo lingine ambalo kijitabu cha onyesho hakikulieleza ni zile sauti za wanaume zilizosikika katika rekodi zikipaza neno “Yamatoya!” katikati ya ngoma. Baadhi ya watu walidhani ni fujo. Yamatoya ni jina la nyumba ya kisanii ya Tamasaburo, na watazamaji wazoefu hulipaza kwa wakati maalumu ili kumpa mchezaji heshima yake, kama vile mpenzi wa taarab anavyojua ni ubeti gani wa kuinukia kwenda kutuza, na asivyothubutu kuinuka kabla yake. Hadhira ya Dar es Salaam ingelielewa jambo hilo papo hapo lau ingeambiwa.

Katika kusimulia maisha yake nje ya kabuki, mzungumzaji alitaja jukwaa la Metropolitan Opera, jumba la opera la New York, alikocheza mwaka 1984, akaishia hapo. Mimi ningetaja zaidi mwaka 2008, Tamasaburo alipokuwa na umri wa karibu miaka 58 na jina lililokwisha kukomaa, akajifunza kuimba kwa Kichina ili acheze nafasi ya kike katika kunqu, tamthilia ya kale ya muziki ya China, na akaicheza Kyoto na Beijing. Msanii wa kiwango hicho kukubali kuwa mwanafunzi tena, katika lugha isiyo yake na mbele ya watu wenye sanaa hiyo, ni habari ambayo ingewafaa vijana waliojaa ukumbini kuliko orodha nzima ya tuzo.

Huduma nyingine ni nzuri. Viti vimepandishwa kwa ngazi, kwa hiyo aliye mbele hakuzuii. Chai ya tangawizi na kashata huuzwa wakati wa mapumziko kwa bei ya kawaida, na vijana wa mlangoni ni wapole kwa wazee. Watoto chini ya miaka minane watachoka katika ngoma ya pili. Kaa safu za katikati, kwa sababu spika za pembeni zina mlio wa bati.

Ombi langu kwa waandaaji, ambalo nimewaandikia pia katika daftari la maoni, ni kwamba wakirudi kwa Tamasaburo watafute Sakurahime Azuma Bunsho ya mwaka 2021. Mchezo huo aliucheza miaka ya ujana wake pamoja na Kataoka Takao, ambaye tangu 1998 anaitwa Kataoka Nizaemon wa Kumi na Tano, na wawili hao walipendwa mno kama jozi. Baada ya kupita miaka 36 waliurudia wakiwa wote wamevuka miaka 70, katika ukumbi wa Kabukiza, Tokyo, na ukarekodiwa kwa ajili ya sinema. Safari hii wasionyeshe vipande: hadithi yenyewe iligawanywa sehemu mbili, moja ikachezwa Aprili na nyingine Juni, na ninaona afadhali watuuzie tiketi za jioni mbili kuliko kuikata ili ienee katika moja.