Kusoma kwa masafa shahada ya uzamili ya kuendesha majaribio ya dawa: uzoefu wangu

Nimehitimu shahada ya uzamili ya majaribio ya kitabibu katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza. Nilisoma kwa masafa, huku nikiendelea na kazi ya kuratibu utafiti mkoani Tanga. Wenzangu wengi wananiuliza kama inafaa. Inafaa sana kwa mtu ambaye tayari yumo kazini, aliyewahi kukaa na mama akimsomea fomu ya ridhaa na kukimbizana na gari la sampuli kabla barafu haijayeyuka. Kwa aliyemaliza chuo jana na hajaona jaribio hata moja likiendeshwa, ushauri wangu ni asubiri kwanza. Nusu ya masomo atayakariri tu.

Mimi ni muuguzi kwa taaluma. Kazi hii niliijua kwa kufuata maagizo. Mfuatiliaji anayetumwa na mfadhili akisema ukikosea kuandika usifute, kata kwa mstari mmoja, weka saini na tarehe, tulifanya hivyo. Akisema friji ya dawa isomwe joto asubuhi na jioni hata Jumapili, tulisoma. Masomo yalinipa sababu ya kila agizo. Mtu ambaye hakuwepo anatakiwa aweze kulifungua faili miaka kadhaa baadaye na kujua mtoto yule alipewa nini, saa ngapi, na nani. Tangu nilipoelewa hilo, namna ninavyowafundisha wauguzi wapya imebadilika kabisa, maana siwatishi tena kwa ukaguzi.

Somo la misingi linaanzia kwa James Lind, daktari wa meli aliyelinganisha tiba za kiseyeye kwa mabaharia 12 mwaka 1747, kisha linapita kwenye jaribio la streptomaisini, dawa ya kifua kikuu, la 1948 huko Uingereza, ambako mgawo wa wagonjwa ulifichwa ndani ya bahasha zilizofungwa. Ni historia, lakini ina kazi. Anayejua kwa nini bahasha zile zilifungwa hatamruhusu daktari, hata awe mkubwa kiasi gani, achungulie mgonjwa anayefuata ataangukia kundi gani.

Kilichonigusa kuliko vyote ni jaribio la FEAST, nalo ni la kwetu. Lilifanyika katika hospitali sita za Uganda, Kenya na Tanzania, na majibu yake yakatoka mwaka 2011. Watoto wenye homa kali na dalili za mshtuko, yaani damu kutofika vizuri mwilini, waligawanywa kwa nasibu: wengine wakapewa maji mengi ya mshipani kwa haraka, yaani salaini (maji ya chumvi) au albumini (maji yenye protini ya damu), wengine hawakupewa dozi hiyo ya haraka. Karibu kila aliyesomea tiba ya dharura aliamini maji yale yanaokoa. Kamati huru ya kufuatilia takwimu ilishauri uandikishaji usimamishwe watoto wakiwa 3,141, kabla ya kufika 3,600 waliopangwa. Ndani ya saa 48 vifo vilikuwa asilimia 10.6 kwa albumini, 10.5 kwa salaini, na 7.3 kwa wasiopewa dozi ya haraka.

Niliwahi kuyasikia matokeo hayo kazini. Kwenye kozi tulilichambua jaribio lenyewe lilivyoendeshwa, na hapo ndipo nilipoona thamani ya usimamizi. Ridhaa ya mtoto anayekata roho unaiombaje? Walianza na kukubali kwa mdomo, mzazi akaelezwa kwa kirefu na kusaini baadaye, hali ikishatulia. Hospitali hazikuwa na vyumba vya uangalizi maalumu, kwa hiyo ilibidi wahudumu wafundishwe kupanga wagonjwa wa dharura, na dawa za msingi zisikosekane. Tofauti ya takriban watoto watatu katika kila mia ingepotea kabisa kama saa zingeandikwa kwa kukisia au vifo visiporipotiwa kwa wakati. Hakuna mhadhara mwingine ulionifanya niiheshimu kazi yangu kiasi kile.

Somo la usimamizi wa mradi ndilo ningelipa ada yote kwa ajili yake peke yake. Unachukua idadi ya wagonjwa wanaofika kituoni, unatoa wasiotimiza vigezo, unatoa wanaokataa, unatoa wanaoishi mbali mno kurudi kwa mahudhurio yote. Kinachobaki ni kidogo kuliko kilichoahidiwa kwa mfadhili. Nilifanya zoezi hilo kwa mazingira yetu: malaria hupanda na mvua za masika, wakati huohuo barabara ni tope na wazazi wako shambani. Bajeti nayo tuliipitia kipengele kwa kipengele: nauli za washiriki, vocha za simu, mafuta ya jenereta, bima ya washiriki, vifaa vya kurekodi joto, hata gharama ya kutunza nyaraka baada ya jaribio kufungwa. Hiki cha mwisho miradi mingi hukisahau, mafaili yakaishia kwenye stoo inayovuja.

Takwimu zinaogopwa na wengi bila sababu kubwa. Hesabu za sekondari ukizikumbuka, utafika. Walimu kwenye jukwaa la wanafunzi la mtandaoni walijibu maswali vizuri, na walikuwa watu wanaoendesha majaribio wenyewe.

Sasa kasoro. Sheria zilizofundishwa kwa undani ni za Uingereza na Ulaya. Huku Tanzania mtu anahitaji kibali cha maadili cha kitaifa kupitia NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), idhini ya TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) kwa jaribio la dawa, na mtafiti wa kigeni apate kibali cha COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia); Kenya kuna NACOSTI (tume yao ya sayansi) na Bodi ya Dawa na Sumu. Haya niliyajazia mwenyewe. Pia mwongozo wa GCP, yaani kanuni za kimataifa za kuendesha vizuri majaribio ya kitabibu, uliotoka mwaka 1996 na kuongezewa 2016, ulipata toleo la tatu Januari 2025, kwa hiyo kabla ya kujiandikisha muulize mratibu wa kozi kama vitini vimeshahuishwa.

Kasoro kubwa zaidi ni jamii. Kozi ilitenga kurasa chache tu kwa ushirikishwaji wa wananchi, tena kwa lugha ya mikutano ya hotelini. Kwetu pwani, mtu anayetoa damu ya watoto na kuipakia kwenye gari anakutana na maneno ya mumiani yaliyokuwepo kabla hatujazaliwa, na maneno hayo yanaweza kufunga kituo cha utafiti haraka kuliko upungufu wa fedha. Mama anasaini fomu, lakini mara nyingi bibi ndiye anayeamua kama mtoto atarudi kliniki. Mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji wasipoelezwa damu inapelekwa wapi, kiasi gani, na kwa nini kijiko kimoja cha chai hakimdhuru mtoto, hutapata washiriki hata ukiwa na ratiba nzuri namna gani. Huu ni usimamizi wa jaribio kama ilivyo bajeti, na unastahili somo zima. Niliandika hivyo kwenye tathmini yangu ya kozi.

Kwa upande wa utaratibu, video zinakula bando, lakini vitini unaweza kuvipakua na kusoma umeme ukikatika. Ada hulipwa kwa somo, kwa pauni, na shilingi ikishuka unaumia. Unaruhusiwa kuchukua masomo kidogo kidogo kwa miaka kadhaa. Tumia ruhusa hiyo, kwa sababu kusoma usiku baada ya zamu ya mchana kunachosha mno.

Kama hujui pa kuanzia, kamilisha kwanza mafunzo ya bure ya GCP ya Global Health Network mtandaoni, kisha jiandikishe cheti cha uzamili kabla ya kufikiria shahada kamili. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua usimamizi wa mradi, usimamizi wa takwimu na uandishi wa itifaki, yaani mpango ulioandikwa wa jaribio. Na kama umeajiriwa na mradi, ongea na mtafiti mkuu wakati ombi la fedha bado linaandikwa. Wafadhili wengi hukubali kipengele cha mafunzo ya watumishi kikiwemo tangu mwanzo, ila bajeti ikishapitishwa, kuongeza ada ya mtu mmoja ni vita vya barua mwaka mzima.