Mlango wa Dari Usiopitisha Upepo: Kazi ya Karakana Moja ya Nakuru

Jiji la Nakuru liko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku wa Julai haihitaji kuelezewa kwa yeyote anayelala Kiamunyi au Lanet katika nyumba ya mabati. Mlango wa dari, yaani kile kifuniko cha mraba anachopitia fundi wa umeme au wa tangi la maji, kwa kawaida ni kipande cha plaiwudi kilichotua tu juu ya fremu bila kubanwa na chochote. Kwa kuwa hewa yenye joto hupanda, hutoroka usiku kupitia nyufa za kifuniko hicho, na nafasi yake huchukuliwa na hewa baridi inayopenya chini ya milango. Ndiyo maana mtu huhisi baridi miguuni ilhali tatizo liko juu ya kichwa chake.

Kifuniko kipya nilikiagiza kwenye karakana moja ya useremala hapa mjini, sentimita 60 kila upande, kwa shilingi 4,800 pamoja na ufundi. Ni plaiwudi iliyobandikwa upande wa juu lile povu jeupe gumu linalokinga televisheni ndani ya katoni, unene wa milimita 50, huku fremu ikizungushiwa mpira wa sponji. Gundi ndiyo iliyonihakikishia kwamba mafundi hawa wanaijua kazi yao: waliepuka ile ya viatu, ambayo hulila povu hilo na kuliacha na mashimo, wakatumia gundi nyeupe ya mbao na kuligandamiza kwa matofali hadi ikauka.

Dosari ilikuwa kwenye kufunga. Kifuniko hufunguka kwa chini, kikiwa na bawaba mbili upande mmoja na komeo moja katikati ya upande wa pili, na plaiwudi ikipinda hata kidogo, pembe za upande wa komeo huachana na mpira. Niliposhika dawa ya mbu ya kuchoma chini ya kingo zake, moshi ulizagaa ovyo karibu kote, lakini kwenye pembe moja ulinyooka na kuvutwa juu. Karakana iliongeza makomeo mawili pembeni bila malipo, ingawa ilibidi niwakumbushe zaidi ya mara moja. Kwa maoni yangu yangekuwepo tangu mwanzo, kwa sababu mpira usiokandamizwa ni pambo tu, na povu hata liwe nene vipi haliwezi kufidia ufa.

Sikupendezwa pia na povu kuachwa wazi upande wa juu. Hushika moto upesi, panya hulitafuna, na darini hupita nyaya za umeme; kulifunika kwa bati jembamba kusingegharimu pesa nyingi.

Sasa vumbi la darini haliangukii tena ukumbini, na joto la mabati la alasiri halishuki kama zamani. Anayetaka kuagiza adai makomeo hayo na bati hilo kabla ya kulipa. Lakini ikiwa dari yenyewe imeachana na kuta, au mbao zake zimepishana, pesa hizo zianze kuziba huko, kwa maana kifuniko peke yake hakitaleta tofauti kubwa.