Shanta ya mtumba kutoka Owino: nimeibeba Kampala hadi Mwanza

Nimeitumia shanta hii siku kumi na nane, likizo ya Julai, Kampala hadi Mwanza na kurudi, nikiwa na rafiki yangu tuliyesoma naye. Tangu turudi naulizwa kama mtumba unafaa kwa safari ndefu au ni heri kununua begi jipya dukani. Mtumba unafaa, ila usiuchague kwa macho peke yake.

Jina hili la shanta nimelipata kwa baba. Mimi nilikuwa nasema begi la mgongoni kama watu wote. Mzee ni mwanajeshi mstaafu (nilikulia kambini Jinja, na Kiswahili changu ni cha kambini, mnisamehe). Nilipoingia nayo ndani aliitazama, akaigeuza, akavuta mikanda, akasema, "Begi ni la shule. Hii ni shanta." Basi.

Niliinunua Owino. Jina rasmi la soko ni Mtakatifu Balikuddembe, lakini sijamsikia konda hata mmoja akiita abiria kwa jina hilo. Ukitaka mabegi ya mivumba (ndivyo tunavyoita mitumba) nenda asubuhi, robota zikifunguliwa, kabla wachuuzi hawajachambua yaliyo mazuri. Muuzaji alianza na shilingi 130,000 za Uganda. Nikacheka, nikaondoka, nikaitwa "nnyabo, komawo" (mama, rudi), nikarudi, na baada ya dakika ishirini za kunung'unikiana nikatoa 75,000. Ina ujazo wa lita 55, rangi ya kijani iliyopauka, na kwa ndani lebo yake ni ya Kijerumani.

Mtindo wa kuijaribu ndio ningependa mtu auige. Shanta tupu kila moja ni nzuri. Nilimwomba muuzaji aijaze jinzi za jirani yake hadi ijae, nikaivaa, nikafunga mkanda wa kiunoni kwanza, nikaukaza juu ya mifupa ya nyonga, ndipo nikavuta mikanda ya mabegani. Ukifanya hivyo na shanta ikawa ya kimo chako, unasikia mzigo unashuka kutoka mabegani na kukaa nyongani. Mkanda ukiteleza tumboni, au mabega yakabaki yamebanwa vilevile, iache hata kama unapewa bure. Ya kwanza niliiacha hivyo, na ilikuwa nzuri kuliko hii kwa sura. Muuzaji alidhani nimechanganyikiwa.

Kasoro nilizigundua nyumbani. Ule utando wa ndani unaozuia maji ulikuwa umezeeka, unabanduka kama magamba ya ngege. Nikaifua kwa sabuni ya kipande, nikaianika siku mbili, nikaikung'uta, bado magamba. Mpaka tunafika Bukoba kila blauzi yangu ilikuwa na vipande vyeupe. Nyingi za mitumba ya umri huo zina tatizo hili, kwa hiyo ingiza mkono ndani kabisa, sugua kitambaa, kisha tazama vidole. Mimi sikufanya hivyo.

Kufungasha alinifundisha baba, kwa ukali. Niliipima kwenye mizani ya muuza maharage pale mtaani: kilo 13. Mzee akamwaga kila kitu kitandani. Pasi ya nguo? (Ndiyo, nilikuwa nimeiweka.) Viatu vya tatu? Chupa ya shampuu ya lita nzima? Ikarudi kilo 9. Kisha akapanga: nguo za kulalia na vitu laini chini, vizito katikati vikiegemea mgongo, vyepesi kwa nje, na unachokihitaji njiani kikae juu. Kizito kikikaa nje kinakuvuta nyuma, nawe unatembea umeinama kama mtu anayetafuta sindano. Mgongo wangu umeshuhudia kuwa mzee anajua. Kwenye mfuko wa kifuniko tuliweka miswaki na biskuti tu. Pasipoti na kadi ya homa ya manjano vilining'inia shingoni ndani ya nguo. Kwenda Kenya au Rwanda sisi Waganda tunapita na kitambulisho cha taifa, lakini kwenda Tanzania tulibeba pasipoti, na kadi ile ya njano inaulizwa.

Mwenzangu alikuwa na begi jipya, limenunuliwa duka moja mjini kwa 110,000. Zuri, jeusi, lina mifuko mingi hadi ya kalamu. Halikuwa na mkanda wa kiunoni wa maana, ni utepe mwembamba tu wa kufungia. Alinicheka sana siku ya kuondoka.

Tulitoka Kampala alfajiri kwa taksi ya abiria kumi na wanne, si kwa basi, ili tuweze kushuka tunapotaka. Hapo shanta ya lita 55 inakuwa adui. Nyuma ya viti hakuna nafasi, konda anataka uilipie kiti, na usipolipa unaipakata. Niliipakata hadi Kayabwe, tukashuka kupiga picha kwenye mstari wa ikweta kama watalii wa Ulaya, tukapanda nyingine. Lukaya wauzaji walilifuata gari na kuku wa kuchoma na gonja (ndizi za kuchoma) mishikakini, mafuta ya kuku yakadondokea kifuniko cha shanta. Doa lipo mpaka leo. Ukisafiri kwa taksi za kuunganisha, chukua lita 40, usiniige mimi.

Mutukula ndipo nilipoaibika. Kwa kuwa nilijua utando umekufa, nilikuwa nimefunga kila kitu ndani ya kaveera, yaani mifuko ya plastiki: nguo, taulo, viatu, kaveera juu ya kaveera. Pale mpakani huduma ziko pamoja, unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia katika jengo moja upande wa nchi unayoingia, kwa hiyo yalikwenda haraka mpaka mizigo ilipofunguliwa. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Juni 1, 2019. Mama mmoja wa ukaguzi, niliyemwamkia "shikamoo" kwa adabu zote nikitumaini itanisaidia, aliitikia "marahaba mwanangu," kisha akaanza kuchomoa kaveera moja baada ya nyingine, na nguo zangu za ndani zikabaki mezani mbele ya madereva wa malori. Nilihesabu kumi na moja.

Wakati mimi naokota, mwenzangu alinyanyua begi lake jipya kutoka chini na mkanda wa bega ukang'oka. Mzima. Akabaki ameshika mkanda, begi liko chini. Sikucheka. (Nilicheka baadaye, kwenye gari la Bukoba.)

Bukoba mjini tulimpata fundi viatu sokoni. Alilishona begi kwa uzi uliopakwa nta, mikono yote miwili, kwa shilingi 2,000 za Tanzania. Alipomaliza aliomba kuiona na shanta yangu, akatuonyesha tofauti: kwangu, mahali mkanda unapoingia kwenye mgongo wa begi, umeshonwa mraba na msalaba ndani yake, nyuzi zimerudiwa mara nyingi. Begi la mwenzangu lilikuwa na mstari mmoja wa mashine, umepita mara moja. Fundi akasema, "Huu ulikuwa wa kushikiza tu, mshono wenyewe ulikuwa bado." Kwake nilinunua pia kipande cha turubai, akakikata na kukitia kamba kiwe kofia ya shanta wakati wa mvua. Hicho kimefanya kazi kuliko kaveera zote.

Kutoka Bukoba tulivuka ziwa kwa MV Victoria, ile iliyorudi majini 2020 baada ya ukarabati mkubwa. Mama yake mwenzangu alikuwa amekataa kabisa, maana watu wa rika lake hawajaisahau MV Bukoba ya Mei 1996. Hatukumwambia mpaka tulipofika. Ni safari ya usiku. Shanta iliingia chini ya kiti bila shida, na baridi ya ziwa ilipozidi niliiegemeza ubavuni ikawa mto. Saa nane usiku nilienda kutafuta chai, nikasema "leta chai" kama tunavyosema kwetu, na kijana akasimama wima akapiga saluti. "Sawa afande!" Watu wote wakageuka. Tangu hapo ni "naomba", hata maji ya kunawa nayaomba.

Mwanza asubuhi tulitembea kutoka bandarini hadi kwenye Jiwe la Bismarck na mizigo mgongoni, na mabega yangu hayakuuma. Mwenzangu alisimama mara nne kubadilisha bega.

Hali yake sasa: zipu zote nzima, kifungo kimoja cha kifuani kimevunjika, doa la kuku wa Lukaya, magamba yanaendelea. Kwa 75,000 ningeinunua tena, isipokuwa safari hii ningesugua ndani kwanza. Mwenzangu alilirudisha begi lake dukani, wakamwambia hawawajibiki kwa begi lililokwishashonwa na fundi mwingine, sasa anataka niende naye Owino Jumamosi. Nitaenda, ila shanta yangu sitakuwa nayo ya kumwonyesha. Mzee ameichukua wiki ya pili leo. Anasema bado anaikagua.