Risasi au maji: kinga ya mionzi ndani ya nyambizi za nyuklia

Tangu nyambizi USS Nautilus ya Marekani ilipoanza kusafiri kwa nishati ya nyuklia mwezi Januari 1955, mabaharia wamekuwa wakila na kulala ndani ya chombo kimoja na kinu cha nyuklia, wakilindwa na vizuizi vyenye tabia tofauti kabisa. Madini ya risasi, yenye gramu 11.3 kwa kila sentimita ya ujazo, hufyonza vizuri mionzi ya gama kwa sababu atomu zake zimesheheni elektroni. Lakini nyutroni, chembe ndogo zinazotoka pia kinuni na ambazo hazina chaji ya umeme, hugonga viini vyake vizito na kudunda huku zikibaki na karibu kasi yao yote. Hapo maji na plastiki ya poliethilini huishinda risasi: kiini cha haidrojeni kina masi inayokaribiana sana na ya nyutroni, hivyo mgongano mmoja waweza kuipokonya takriban nishati yote, kama gololi inavyosimama baada ya kugonga gololi nyingine. Tatizo ni kwamba haidrojeni ikinasa nyutroni iliyopunguzwa kasi hutoa gama mpya, ambayo maji huizuia tu yakiwa na kina kikubwa. Kwa maoni yangu maji yatangulie, na risasi, kwa uzito wake, iwekwe palipo na gama kali tu.