Seti ya kutenganishia michanganyiko: kondensa ni nzuri, bomba la faneli linavuja

Ninafundisha kemia kidato cha kwanza nje kidogo ya jiji la Mbeya, katika shule ambayo bado haina maabara kamili, na kwa muda mrefu somo la kutenganisha michanganyiko nililifundisha kwa michoro ya ubaoni tu. Muhula huu nilinunua mjini seti ya vifaa vya glasi kwa shilingi 95,000, ikiwa na chupa ya duara ya mililita 250, kondensa (mrija wa glasi wenye ganda la maji baridi, unaopoza mvuke uwe maji tena), kipimajoto, faneli mbili (moja ya kuchujia, nyingine ya kutenganishia yenye bomba la kufungulia), taa ya spiriti na karatasi za kuchujia.

Kuchuja hakuna mengi ya kueleza. Tulikoroga mchanga na chumvi ndani ya maji, mchanga ukabaki juu ya karatasi na maji ya chumvi yakapita, na karatasi zenyewe ni imara, hazichaniki zikilowa.

Kilichonifurahisha hasa ni kondensa. Kwa kuwa hatuna bomba la maji darasani, tuliinua ndoo juu ya meza mbili na kuyashusha maji kwa mpira, yakiingia upande wa chini wa kondensa na kutokea juu, ili ganda lake lijae maji baridi muda wote. Mchoro ulio kwenye kikaratasi cha maelezo unaonyesha kinyume chake, na kosa hilo ni kubwa, kwa sababu maji yakiingilia juu hushuka bila kulijaza ganda, mvuke haupoi sawasawa, na glasi inaweza kupasuka. Ndani ya chupa tulitia mililita 100 za yale maji ya chumvi pamoja na vigae vidogo vya chungu cha Wakisi kutoka Kyela, ambavyo huyafanya maji yachemke kwa utulivu bila kurukaruka.

Maji yalipochemka, kipimajoto kilisimama kwenye nyuzi 94, na wanafunzi wakaniambia, "Mwalimu, hiki ni kibovu." Sivyo. Mbeya ipo mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo, na maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Tungefanya jaribio hilohilo Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, kipimo kingekaribia 98. Kisha tuliweka tone la maji ya chumvi na tone la maji yaliyokenekwa, yaani yaliyotokana na mvuke uliopozwa kwenye kondensa, juu ya vipande viwili vya kioo, tukavipasha moto taratibu. Cha kwanza kilibaki na utando mweupe wa chumvi, cha pili kikabaki safi kabisa, na darasa zima likasogea kutazama.

Taa ya spiriti ni dhaifu mno kwa kazi hii. Nilingoja kwa zaidi ya nusu saa bila maji kuchemka, nikaamua kutumia jiko dogo la gesi na kuweka wavu wa chuma chini ya chupa.

Faneli ya kutenganishia ndiyo iliyonisikitisha. Tulitia maji na mafuta ya alizeti, mafuta yakaelea juu kwa mpaka ulionyooka vizuri, lakini kabla sijafungua bomba maji yalikuwa yakidondoka mezani. Niliirudisha dukani nikajibiwa kwamba vifaa vya glasi vikishauzwa havibadilishwi, jibu ambalo si haki kwa kitu kilichotoka kiwandani na kasoro. Nimelipaka bomba mafuta ya mgando kidogo na sasa halivuji, ila inabidi kurudia kila baada ya vipindi viwili au vitatu.

Mwalimu mwenzangu wa Iringa au Njombe anayetaka seti kama hii ningemshauri ainunue kwa ajili ya kondensa, lakini aombe maji palepale dukani, aijaze faneli na kuitazama kwa dakika tano kabla ya kutoa fedha.